Sahani ya dereva Mkubwa yaitishiwa kikao cha ndoa

Ni saa nne na nusu asubuhi katika kantini ya depo moja ya mabasi mjini Birmingham. Nje mvua inanyesha ile ya hapa, isiyo kubwa wala haikatiki. Mkubwa Faki anavua koti la kazi, anaketi meza ya pembeni na kuweka mbele yake bakuli la plastiki lenye kifuniko cha buluu. Hajaligusa bado, na tayari madereva wenzake wameanza kusogeza viti.

"Fungua basi," anasema Kamlesh, mzaliwa wa Kisumu ambaye Kiswahili chake alikiokota dukani kwa baba yake na hajakipiga pasi tangu siku hiyo. "Leo mimi nataka jua wewe nakula nini."

Mkubwa anafungua. Mna mchicha uliokaangwa kwa kitunguu, maharage, kipande cha samaki wa kuchoma, na pembeni robo ya chapati ya unga usiokobolewa.

"Chapati nyingine iko wapi?"

"Ndiyo hiyo."

"Hiyo si chapati, bwana. Hiyo ni stempu!"

Kantini nzima inaangua kicheko. Mkubwa hajali. Anasema bismillahi na kuanza kutafuna polepole, kama alivyofundishwa, huku mezani kwa Kamlesh kukiwa na sahani ya chipsi inayomtazama. Mwaka jana siku kama hii angekuwa ameshamaliza za kwake na anasogelea za Kamlesh.

Ana miaka hamsini na minne. Amezaliwa na kukulia Jang'ombe, Unguja, akaingia Uingereza katikati ya miaka ya tisini. Kilo alizozipunguza tangu mwaka jana ni kumi na sita, na ukikutana naye barabarani atakuonyesha mkanda wa suruali hata kama hukumuuliza. Lakini hakuzipunguza kwa sababu ya kupendeza. Alizipunguza kwa kuogopa kunyang'anywa usukani, na njiani nusura aipoteze ndoa, au ndivyo watu walivyodhani.

Habari yenyewe ilianzia chooni.

Mwaka 2007 Mkubwa alianza kushikwa na kiu isiyokwisha. Alikunywa maji, akanywa soda, akanywa tena maji, na kila alichokunywa kilitaka kutoka haraka. Kwa mtu wa ofisini hilo ni usumbufu mdogo. Kwa dereva mwenye abiria sitini nyuma yake ni balaa.

"Njia nzima nilikuwa siijui kwa vituo, naijua kwa vyoo," anasema. "Wenye maduka wa barabara ya Alum Rock walikuwa wamenizoea. Muuza vitambaa mmoja alichoka kunifungulia, akanipa ufunguo wa choo chake cha nyuma."

Siku moja aliegesha basi kituoni, akawaomba radhi abiria, akachanja mbuga. Aliporudi, basi zima lilimpigia makofi. Mkubwa naye, mtu wa mzaha, aliinama kama mwimbaji wa taarabu aliyetunzwa. Aliyekataa kupiga makofi ni bibi mmoja wa Kiingereza aliyekaa kiti cha mbele na mkoba wake mapajani.

"Mume wangu alianza hivyohivyo," bibi yule alimwambia. "Usicheke. Nenda kapime."

Alikwenda. Katika kliniki moja ya Erdington, karibu na anapoishi, alikutana na nesi aitwaye Jeanne, mama wa makamo kutoka Bukavu, aliyefika Uingereza akiwa mkimbizi na kusomea uuguzi upya. Mkubwa alipomsikia anazungumza Kiswahili alifurahi, akidhani sasa mambo yatakuwa mepesi. Masikini hakujua.

"Papa, unakulaka mara ngapi kwa siku?" Jeanne aliuliza.

"Mara mbili. Mchana na usiku."

"Na asubui?"

"Asubuhi sili kitu. Nakunywa chai tu."

"Chai ya bure, bila kitu?"

"Na maandazi. Manne hivi. Au chapati, kama za jana zimebaki."

"Na kule ku kazi?"

"Kazini sili. Labda sambusa mbili tatu. Na tende."

"Tende ngapi?"

"Tende haihesabiwi, dada. Ile ni sunna."

Msomaji asimcheke Mkubwa kabla hajajitazama mwenyewe. Kwetu sisi, kama wali au ugali haujapita, mtu hajala. Anaweza kumaliza bakuli la muhogo wa nazi, akajifuta mdomo, akauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Mkubwa alimjibu nesi kwa moyo safi kabisa, na kwa hesabu zake alikuwa mtu anayekula kidogo.

Jeanne aliweka kalamu chini. "Papa Mkubwa, ile yote ni chakula. Mwili haijue jina yenye unaipatiaka."

Vipimo vya damu vilipotoka, sukari yake ilikuwa asilimia kumi na nusu, wakati daktari alitaka isizidi saba. Alipewa vidonge na mwaka mmoja wa kubadilisha ulaji wake. Ikishindikana, alielezwa, itabidi aanze kujidunga insulini. Na kwa sheria ya nchi hii ilivyo sasa, anayetumia insulini haruhusiwi kuendesha basi la abiria.

"Baada ya hapo sikusikia kitu tena," anasema. "Naona mdomo wa daktari unakwenda tu."

Ili kuelewa kwa nini alinyong'onyea namna ile, lazima urudi nyuma kidogo. Mkubwa alifanya kazi miaka minane katika kiwanda cha magari cha Longbridge, kwenye mstari wa kufunga milango. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2005, maelfu ya watu walitoka na vikombe vyao vya chai mikononi, naye akiwa mmoja wao, umri umeshapita hamsini. Kwa miezi mingi alizunguka akiomba kazi, akiambiwa ataitwa. Mwisho akajifunza kuendesha basi.

"Mtihani nilifeli mara moja tu," anaeleza kwa fahari, akiwa sebuleni kwake.

"Mara mbili!" inasikika sauti ya mkewe, Shemsa, kutoka jikoni.

"Ile ya pili mvua ilikuwa kubwa."

Ndiyo maana usukani ule kwake si kazi tu. "Kazi ya kwanza ilikufa mikononi mwa wakubwa, mie sina kosa," anasema, na kwa mara ya kwanza hatanii. "Lakini hii nikiipoteza, nitakuwa nimeila mwenyewe."

Kwa kuogopa huko alianza vibaya, kama wengi wanaoanza. Alitoka kliniki akaingia sokoni, akarudi nyumbani na kabichi. Kabichi asubuhi, kabichi mchana, kabichi ya kuchemsha usiku bila hata chumvi. Chai akaiacha kabisa. Siku ya tatu alikuwa mkali mpaka akamfokea mtu kwa kupanda na mwavuli uliolowa, katika mji ambao miavuli haikauki. Siku ya sita alialikwa kwenye harusi ya jamaa, likaletwa biriani la mbuzi, na yaliyotokea baada ya hapo Mkubwa anayakumbuka kidogokidogo tu. Maulid, dereva wa teksi na rafiki yake wa siku nyingi, anayakumbuka yote.

"Alikula kama anayelipiza kisasi," anasema Maulid. "Mpaka wazee wakauliza, huyu kafungwa wapi?"

Alirudi kwa Jeanne uso umemshuka. Jeanne alicheka mpaka akavua miwani.

"Nani alikutuma kabichi, Papa? Mi nilisema ubadilishe, sikusema ujitese. Tunaenda polepole. Leo tunaondoa kitu moja. Ikizoea, tunaondoa ingine."

Kilichotangulia kuondolewa kilikuwa sukari ya chai. Alikuwa akitia vijiko vinne. Akashuka hadi vitatu, akakaa hapo mpaka ulimi ukakubali, akashuka hadi viwili. Kufikia kijiko kimoja anakiri alikuwa akiikoroga chai kwa muda mrefu kuliko kawaida, akitumaini sukari itazaana. Siku hizi hatii kabisa, na akionjeshwa chai ya Mselem, rafiki yake mwingine mwenye duka la nazi, unga na kadi za simu, anakunja uso na kuuliza kama hiyo ni chai au shira.

Zilifuata soda, kisha maandazi. Kisha ikaja vita ya Alum Rock. Barabara ile ina migahawa ya kuku wa kukaanga na kebabu mlango kwa mlango, na dereva wa basi hana pa kukimbilia. "Kila kituo nikifungua mlango, harufu inapanda bila tiketi," analalamika. "Na haishuki mpaka mwisho wa njia."

Tende zilimshinda zaidi. Alizificha ndani ya soksi ya akiba kwenye mkoba wake wa kazini, zikafumaniwa na bintiye Zainab, mwenye miaka kumi na saba, ambaye Kiswahili anakielewa chote ila anajibu kwa Kiingereza.

"Baba, hizi ni kumi na mbili," alimwambia kwa Kiingereza hicho chake cha Birmingham.

"Ni sunna, mwanangu."

"Sunna ni witri, Baba, hesabu isiyogawika kwa mbili. Tatu. Au moja."

Mkubwa anasema siku hiyo alijuta kumpeleka madrasa. Tende zikawa tatu.

Basi mpaka hapo mambo yalikuwa yakienda, na nyumbani hapakuwa na neno. Neno lilikuja na sahani.

Jeanne alimpa Mkubwa picha ya sahani iliyogawanywa kwa mistari. Nusu ni mboga, robo ni wali au ugali, robo iliyobaki ni samaki, nyama au maharage. Jambo rahisi, mtoto wa chekechea analielewa. Tatizo ni kwamba nyumbani kwa Mkubwa hapana mtu anayekula kwenye sahani. Wanakula kwenye sinia moja, mkekani, kama walivyolelewa. Wali unamwagwa katikati, mchuzi unamiminwa juu, na kila mtu anakula upande wake huku akitupiwa vinofu na wenziwe. Sasa hapo robo yako utaijuaje? Utachora mstari kwenye wali?

Mkubwa akaona dawa ni kununua sahani. Alinunua nyeupe, akaipiga mistari kwa kalamu isiyofutika. Jioni ile, wakati Shemsa ametandika mkeka na sinia limeshuka, yeye akajipakulia kwenye sahani yake, akakaa palepale na kuanza kula.

Shemsa hakusema kitu. Na wanaomjua Shemsa wanasema akinyamaza ndipo pa kuogopa.

"Mie nikajua karidhika," anasema Mkubwa.

Wiki ikapita, ya pili ikapita. Shemsa akawa anapika, anatenga, anakula tonge mbili na kuondoka. Mkubwa naye, akili yake yote iko kwenye mistari, hakuona. Kila mazungumzo yalianza na kuishia kliniki. Jeanne kasema maharage yahesabiwe, Jeanne kasema nazi ipunguzwe, Jeanne kasema hivi na vile.

Ijumaa moja alipokuwa na mapumziko, Mselem na Maulid walifika baada ya sala, kama ilivyo desturi yao. Likaletwa sinia la pilau. Wakanawa, wakakaa, na mara Mkubwa akavuta sahani yake pembeni. Mselem alibaki na tonge mkononi.

"Yakhe, vipi?"

"Nyie kuleni tu," alijibu Mkubwa bila kuinua kichwa. "Mie nina changu."

Lo! Kwa watu wa kwetu, hilo ni jambo zito. Mtu hatengi chakula chake na cha watu wa nyumba yake ila kuna jambo. Walikula upesi, wakaaga mapema. Kabla ya magharibi habari ilikuwa imeshafika Coventry, na ilipofika Leicester ilikuwa imenenepa njiani. Wengine walisema Shemsa amekataa kumpikia. Wengine wakasema hapana, Mkubwa ndiye aliyesusa, kwa kuwa ameoa mke wa pili, Mkongo, nesi, na huyo ndiye anayempikia mchicha wa kubeba kazini. Ushahidi ulikuwepo: hamalizi sentensi bila kumtaja.

Jumapili ile Mselem na Maulid walirudi. Safari hii walivaa kanzu na makoti juu yake, wakashika boksi la halua, na nyuso zao zilikuwa za msibani. Shemsa akaleta kahawa. Mselem akakohoa, akaanza kwa kumshukuru Mungu, akaingia kwenye habari za ndoa: kwamba ndoa ni stahamala, kwamba shetani huingia kwa njia ndogo, kwamba hakuna nyumba isiyofuka moshi.

Mkubwa alimsikiliza kwa huruma inayozidi. Mwisho hakuweza kuvumilia, akamshika rafiki yake bega.

"Pole sana, yakhe. Mkeo kafanya nini?"

"Mke wangu?" Mselem alishtuka. "Mke wangu hana lolote!"

"Basi ni wewe?"

"Ni nyinyi! Wewe na Shemsa! Watu wamewaona mnakula mbalimbali!"

Mkubwa alimtazama, akamtazama Maulid, kisha akainuka kwenda jikoni. Alirudi na ile sahani, akaishika juu kama refa anayetoa kadi.

"Hii? Kwa hii ndo mmenivalia makanzu?"

Akawaeleza yote, toka ufunguo wa choo mpaka mistari. Maulid alicheka mpaka halua ikampalia, ikabidi apigwe mgongoni. Mselem naye akacheka, ingawa kwa aibu kidogo, maana hotuba ilikuwa bado haijafika katikati. Mkubwa alikuwa akifuta machozi ya kicheko alipogundua kwamba mtu mmoja chumbani hacheki.

Shemsa alikuwa amesimama mlangoni na birika la kahawa mkononi.

"Baba yangu alikuwa na sukari," alisema. "Sisi watoto hatukuambiwa kitu. Siku moja tu tukaona hali na sisi tena kwenye sinia. Katengewa sahani yake, kaketi nayo ukutani peke yake. Kisha wakamkata mguu. Mwaka haukwisha, tukamzika."

Maulid alikirudisha kipande chake cha halua kwenye boksi.

"Nyumbani kwetu mtu akitengewa sahani ndo anaondoka," akaendelea. "Kila jioni huyu anaitoa sahani yake, anaiweka kwenye mkeka wangu. Nami nikila, chakula hakipiti."

"Shemsa," alisema Mkubwa. "Mbona hukunambia?"

"Ungenisikia saa ngapi? Ulikuwa unapima maharage."

Mkubwa anasimulia sehemu hii akiwa ameinamisha kichwa. Anasema alidhani mkewe amekasirishwa na mapishi yake kukataliwa, kumbe mwenzake alikuwa akimlilia angali hai. Alikwenda jikoni, akaificha ile sahani chini kabisa ya kabati, nyuma ya masufuria ya sikukuu. Akarudi akasimama mbele ya mkewe na mashahidi wake wawili wenye makanzu.

"Sahani haipo tena," alisema. "Lakini sukari ipo, Shemsa. Na basi nalitaka. Tufanyeje?"

Shemsa aliweka birika chini. "Sinia ni langu," akasema. "Mie ndiye ninayepakua. Nipeleke kwa huyo Jeanne wako."

Alikwenda kliniki amevaa baibui lake jipya na manukato ya harusini. Alitaka kumwona vizuri huyo mwanamke. Alimkuta mama mwenye wajukuu, miguu imevimba kwa kusimama, aliyemkumbatia kabla hajasalimiwa. Katika robo saa ya kwanza hawakuzungumza habari za sukari hata kidogo. Walizungumza mboga.

"Kumbe hiyo sombe yenu ndiyo kisamvu chetu!" anakumbuka Shemsa. "Tukatofautiana kwenye nazi tu. Yeye anatia mafuta ya mawese. Nikamwambia, haya, kila mtu na kwao."

Shemsa alipomweleza kuhusu mkeka na baba yake, Jeanne alivua miwani, akaiweka kando. Kisha akachukua karatasi kubwa, akachora duara linaloijaza yote.

"Mama Zainab, basi tusikate Papa," alisema. "Tukate sinia."

Toka siku hiyo sinia la nyumba ile lilianza kubadilika, na mtu aliyelibadilisha hakuwaambia walaji. Shemsa alipunguza wali kidogo kila wiki, akauzungushia mchicha, bamia, kisamvu, samaki wa kuchoma, choroko. Nazi akaipunguza kwa namna ambayo mpaka leo hataki kueleza. Mkubwa akaambiwa ale upande wake kama watu wote, na asimsumbue mtu kwa habari za mistari.

Waliokula Ijumaa hawakutambua. Walikuja, wakanawa, wakala, wakaaga. Ilichukua muda mpaka siku moja Mselem aliingiza vidole kwenye wali, akakuta bati.

"Shemsa!" aliita kuelekea jikoni. "Mbona leo nimefika chini mapema?"

"Sinia limekua, Bwana Mselem," Shemsa alimjibu kutoka ndani. "Kula hiyo bamia iliyo mbele yako."

Mselem akala bamia. Akaongeza. Sasa anasema pilau la sehemu nyingine linamlemea tumboni, ingawa ukimwambia naye akapime sukari anakumbuka ghafla kwamba dukani ameacha mtu. "Sipimi," anasema. "Nikipima nitaambiwa." Maulid alipima. Hana kitu, na amekuwa akitangaza hivyo kila anapopata nafasi.

Ulipofika mwezi wa Ramadhani mwaka huu, Mkubwa alizungumza na daktari kwanza kuhusu vidonge vyake na saum, akapangiwa. Lakini mtihani haukuwa njaa ya mchana, ulikuwa futari. Viazi vitamu, ndizi mbivu za nazi, tambi za sukari, kila nyumba anayoalikwa. Shemsa alikwenda naye kote, akaketi upande wa wanawake, na kila Mkubwa alipopeleka mkono kwenye tambi mara ya pili kilisikika kikohozi kutoka nyuma ya pazia.

"Hakuwa na mafua," anasema Mkubwa.

Mwezi wa Oktoba mwaka aliopewa ulitimia. Walikwenda kliniki wote wawili. Mkubwa anasema katika maisha yake ameogopa mara tatu: ndege ilipopaa kwa mara ya kwanza, siku ya kufungwa Longbridge, na dakika zile ambazo Jeanne alikuwa akitafuta majibu kwenye kompyuta huku amekunja uso. Shemsa alikuwa amemshika mkono, jambo ambalo mbele za watu hawajalizoea.

"Papa, ni saba na pointi moja," Jeanne alisema hatimaye. "Imepita saba kidogo tu, na daktari ameshaona, amekubali. Unaendelea na vidonge. Ile insulini tunaiacha kule iko."

"Sema tena."

Jeanne akasema tena.

"Sema kwa Kiingereza."

Akasema kwa Kiingereza. Mkubwa akaomba aambiwe na kwa Kifaransa, lugha ambayo hajui hata salamu yake. Jeanne akasema, na Mkubwa akaitikia kwa kichwa kila neno.

Hakupona, na Jeanne alimkazia hilo kabla hajatoka mlangoni. Sukari haiendi, inakaa ikikusubiri ujisahau. Ataendelea kupimwa, na leseni yake itategemea atakavyojilinda kila siku. Lakini kwa sasa usukani ni wake. Walipotoka walikaa kwenye kituo cha basi cha barabara kuu ya Erdington, wakayaacha mabasi yao mawili yapite. Dereva wa pili, anayemfahamu, alipunga mkono akashangaa kutopungiwa.

"Nililia," anasema Mkubwa. "Andika tu. Nililia kituoni kama mtoto aliyeachwa na basi, na mabasi yenyewe yanasimama."

Leo jioni, baada ya zamu, ameketi sebuleni kwake na miguu ameitia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Kila siku anaikagua kidole kwa kidole, kama Jeanne alivyomfundisha, na Shemsa huja kuikagua tena kwa sababu hamwamini. Anaulizwa mipango yake ya baadaye. Wengi wa umri wake hutaja nyumba ya kujenga Unguja, au duka. Yeye anafikiri, anachezesha vidole majini.

"Nimebakiza miaka kumi na moja nistaafu," anasema. "Siku ya mwisho nataka niliingize basi depo mwenyewe, nizime injini, niwape ufunguo wao. Kisha nishuke kwa miguu yangu miwili."

Shemsa, aliyekuwa akipita na taulo, anasimama. Anapiga magoti, anautoa mguu wa kwanza kwenye beseni, anaukausha taratibu mpaka katikati ya vidole, kisha wa pili.

"Inshallah," anasema Shemsa akiinuka na beseni lake. "Na siku hiyo ntapika biriani. Jeanne apende asipende."